Harusi ya Njia ya Port Edward

Asubuhi ya mwisho waliyokaa pamoja kama kawaida, Emérite alimgombeza mumewe Salvator kwa sababu ya mkate. Mzee alikuwa ameukata pande zote mbili, mwanzo na mwisho, maana anapenda ganda. Emérite akauinua, akaugeuza huku na huku, akauliza ni panya gani huyu anayekula kwa kisu. Salvator akanywa chai yake. Emérite akajifunga kitambaa kichwani, akapaka mafuta mikononi, akasema jioni watakula maharage, basi yalowekwe mapema. Salvator akaitikia. Akayaloweka.

Mchana akapiga simu Murielle, mama wa Bukavu aliyekuwa akisuka na Emérite katika saluni moja pale Kensington, Johannesburg. Moyo ulimsimama Emérite akiwa wima, chanuo mkononi, kichwa cha mteja hakijafika nusu.

Hilo limeshasemwa, litoshe.

Waliokuja kumpa pole Salvator walimkuta mzee asiye na maneno. Alikuwa hivyo tangu zamani. Miaka yake ya Johannesburg aliimalizia kwenye ulinzi wa maghala ya watu kule Midrand, na ghala halina mazungumzo. Lakini mtu akitaja gari, uso wa mzee unageuka. Anaweka kikombe chini. Ndipo watu wanapata habari ya safari ya pwani, na zaidi ya mmoja ametoka kwenye msiba ule ameshika mbavu, akiona haya kwa kucheka.

Gari lenyewe ni dogo, jekundu, la siku nyingi. Lilikuwa la Clémence, binti yao wa pekee. Clémence alizaliwa kambini Tanzania, akakulia hapa, sasa anafanya kazi ofisini Midrand na anakaa huko huko, kwenye mtaa wenye ukuta na mlinzi getini. Kiswahili anakisikia chote, ila anajibu kwa Kiingereza. Akikasirika tu ndipo Kiswahili kinamrudia, tena kizuri. Aliponunua gari jipya, la zamani akampa mama yake, akidhani mama atalipanga tu uani kama pambo.

Emérite akaenda Mayfair kumtafuta Twalib, mtu wa Tanga anayefundisha watu kuendesha. Twalib alikataa. Akakataa tena. Mwisho alikubali kwa sababu Emérite alikuja na sahani ya dagaa na kuketi kwenye kiti cha dereva kabla hajakaribishwa. Baadaye Twalib aliwaambia watu kwamba amefundisha wengi, lakini hajapata kufundisha mtu anayesalimia kila gari analopishana nalo, tena anayengoja liitikie. Mtihani alianguka, akaurudia, akaanguka, akapita. Mama wa zaidi ya miaka sitini. Kensington nzima ikamjua. Taa ya barabarani, roboti kama wanavyoiita huku, ikiwa kijani, akimwona bibi mmoja pembeni amebeba mfuko, anasimama bibi avuke, hata kama bibi hana mpango wa kuvuka. Salvator alikaa kiti cha pembeni, mkono mmoja kwenye kishikio cha mlango, mwingine kwenye dashibodi, akisali Kirundi kwa macho wazi.

Clémence akaogopa. Akataka funguo zirudi, gari liuzwe, mama awe anaitiwa teksi kwa simu. Emérite akamjibu kwamba mtu anayeendeshwa haendi popote, anapelekwa. Wakabishana kipupwe chote. Mwisho wakaafikiana. Mama anataka kuona bahari, yeye na mume wake, akiendesha mwenyewe. Sawa, aende. Akirudi na gari halina alama hata moja, Clémence hatataja funguo tena. Likiwa na alama, ndogo au kubwa, funguo zinakabidhiwa pale pale getini, bila maneno. Emérite alikubali upesi mno. Clémence angepaswa kushtuka.

Mtu atauliza, bahari ya nini? Emérite ni mtoto wa Rumonge, Burundi, alizaliwa akitazama ziwa Tanganyika. Pale saluni wanapita wanawake wa Tanga na Mombasa, na wakianza kuisifu bahari utadhani waliichimba wao. Emérite alikuwa akiwasikiliza, anasuka, anavuta nywele kidogo kuliko inavyotakiwa. Kisha anauliza: maji yasiyonyweka ni maji ya kazi gani? Ziwa lina mawimbi, lina samaki wa migebuka, na ukichota unachemshia maharage. Lakini moyoni lilikuwa likimkereketa. Hajaiona. Na mtu hawezi kuishinda bahari kwa maneno wakati hajakutana nayo.

Basi mwezi wa tisa, mwaka jana, wakaondoka.

Clémence alikuja Kensington alfajiri na simu yake, akalipiga gari picha pande zote kama polisi: mbele, nyuma, ubavu, boneti, hata matairi. Emérite alikuwa amevaa kitenge cha kwaya, cha machungwa, na kila simu ilipoinuliwa yeye alikwenda kusimama hapo, mkono kiunoni. Clémence akamwambia asogee. Akasogea, akasimama upande wa pili. Hakuna ubavu wa gari lile usio na mama. Picha hizo ndizo alizo nazo Clémence leo.

Chakula kilitosha kulisha basi zima. Mayai ya kuchemsha, chapati, dagaa wa kukaanga kwenye mawese. Emérite akatia pia mkoba wake wa saluni, machanuo, mafuta, nywele za bandia na rangi za kucha, kwa sababu huwezi kujua, huenda wanawake wa baharini hawajasukwa.

Barabara kuu aliiendesha kwa mwendo wa mtu anayepeleka mayai, na kweli alikuwa na mayai. Malori yalimpita yakilia. Yeye akayapungia mkono. Kwenye geti la kulipia barabara alimwangalia binti wa kwenye kibanda, akamuuliza nani kamsuka kwa kubana namna ile, ngozi ya paji imevutika mpaka nyusi zimepanda. Akamshauri mafuta gani ya kupaka. Binti akataka kujua zaidi. Nyuma yao honi zikawa kama tarumbeta za kanisani. Salvator alijikunja akawa mdogo kitini. Pale kwenye mlima wa Van Reenen ukungu ukashuka, mweupe, huoni hata pua ya gari. Emérite akaanza kuimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya juu, akasema akiimba ukungu utajua kuna watu. Salvator akamwitikia besi, macho kayafumba. Ukungu ukawaachia. Kila mmoja alidai ni sauti yake.

Walilala Durban kwa muumini mmoja wa kanisa lao. Asubuhi, wakishuka mtaa mmoja katikati ya maghorofa mawili, Emérite akakanyaga breki katikati ya barabara.

Bahari ilikuwa kule mwisho wa mtaa. Alikuwa akitegemea kitu kilicholala chini, kama ziwa. Hiki kilikuwa kimesimama, kimepanda juu kuliko paa za magari, buluu tupu.

"Salva," akasema, "mbona limeinuka?"

Salvator akamwambia endelea, watu wanapiga honi. Lakini yeye pia alikuwa ameacha kushika kishikio.

Wakashika njia ya kusini, maji upande wa kushoto. Hapo ndipo Salvator alipopata kazi. Emérite alikuwa akiendesha na shingo imegeukia baharini, na mzee alimshika kidevu kwa vidole viwili, akakirudisha barabarani. Kikaenda tena. Akakirudisha. Walivuka miji ya pwani kwa namna hiyo, mmoja na usukani, mwingine na kidevu.

Walisimama kwenye ufuko mmoja usio na watu wengi. Emérite akateremka na kipande cha sabuni. Kwao Rumonge mtu hafiki majini mikono mitupu. Ukifika, unafua kitu, hata kama ni kitambaa kimoja, ndiyo salamu yenyewe. Akajifungua kitambaa cha kichwa, akachutama ukingoni, akalowesha, akasugua. Sabuni haikutoa povu. Akasugua tena kwa nguvu za ujana. Ikawa inateleza na kunata tu kama ugali uliopoa. Akailaumu sabuni. Akamlaumu Salvator aliyeinunua. Kisha akachota maji kwa kiganja, akaonja, akatema, akafikiri.

"Wamezidisha," akasema, kama mtu aliyeonja mboga ya jirani.

Salvator alikuwa ameingia maji ya magotini, suruali kaikunja vizuri, akimcheka mkewe kwa ile sauti yake isiyotoka. Hakuona wimbi. Lilimjia kwa nyuma, likamkalisha chini kama mtoto, likamvua kiatu kimoja, likaondoka nacho. Emérite alicheka mpaka akalala mchangani. Alijaribu kuinuka, akaona soksi ya mzee, akalala tena. Wimbi lililofuata likarudisha kiatu. Salvator akakivaa hivyo hivyo, kimejaa mchanga, akasema wimbi la ziwa kwao halina tabia za namna hii. Hayo ndiyo maneno marefu aliyosema siku ile mpaka mchana.

Kitambaa kilipokauka kikawa kigumu kama karatasi ya saruji. Emérite alikivaa hivyo hivyo. Kikasimama juu ya kichwa peke yake.

Walipopita Margate, kuelekea Port Edward, barabara ikawa nyembamba, njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, vilima huku, migomba huku. Magari yakaanza kujazana nyuma ya Emérite. Twalib alimfundisha kwamba ukiona unachelewesha watu, sogea kushoto, ingia nje ya mstari wa njano, waachie njia. Akasogea. Gari la kwanza likampita, na lilipompita likawasha indiketa zote mbili kwa pamoja, mara tatu, likazima. Likaja la pili. Nalo vivyo hivyo. La tatu, la nne.

Sasa, huko Burundi, na hata Kongo, indiketa zote mbili kwa pamoja, gari nyuma ya gari, siku ya Jumamosi, ni kitu kimoja tu.

"Salva, harusi."

Salvator akatazama. Akasema haoni maua. Emérite akamwambia watu wa pwani huenda hawatumii maua. Akatoa kichwa nje ya dirisha akapiga vigelegele. Gari lililokuwa likipita likayumba kidogo. Dereva akawasha zile taa zake kwa haraka, akakimbia. Emérite akafurahi, akaona wameitikia. Kilima baada ya kilima aliendelea kusogea kushoto, magari yakimpita na kumwashia, na yeye akiyapa vigelegele kila moja sawasawa, bila upendeleo. Akasema hii ni harusi ya mtoto wa tajiri. Akasema msafara kama huu hajauona tangu utoto wake. Mwisho akasema haiwezekani watu wakualike mara zote hizo na wewe upite tu kama mwizi.

Ikaja pikapu nyeupe, mzee mmoja anaendesha polepole. Ikapita, ikawasha taa zake. Emérite akaingia nyuma yake. Akawasha indiketa zote mbili, akaweka kiganja kwenye honi, akakiacha hapo.

Mzee wa pikapu aliitwa Cele. Baadaye alieleza mwenyewe hali ilivyokuwa upande wake. Aliona kwenye kioo gari dogo jekundu linamfuata karibu karibu, linawaka, linalia, na ndani kuna mama mwenye kitu kimesimama kichwani anapiga kelele. Akadhani tairi lake linachomoka. Halafu akadhani mzigo umeanguka. Halafu akadhani ni wehu. Akaongeza mwendo, nao wakaongeza. Akakata kona kuingia njia ya vumbi ya kwake, ili kama ni mabaya yamkute nyumbani. Nao wakakata kona.

Alisimamisha pikapu uani, kati ya nyumba na zizi la mbuzi. Emérite akaegesha nyuma yake, akateremka, akarekebisha kitenge, na kwa Kizulu chake cha saluni, ambacho ni maneno ya kichwa, maumivu, vuta, na njoo Alhamisi, akauliza bibi harusi yuko wapi.

Cele akauliza bibi harusi gani.

Wakatazamana. Emérite akaonyesha barabara, akaonyesha taa, akafanya vidole viwake na kuzimika. Cele alisimama kidogo. Kisha akaelewa, na alikuwa mtu mwenye adabu, akajitahidi kueleza bila kucheka. Kwa Kiingereza na kwa mikono akaeleza kwamba kwao huku mtu akikupisha barabarani, unamwashia taa hizo kumwambia asante. Basi. Hakuna harusi. Mke wake, aliyekuwa ametoka jikoni na mwiko, hakujitahidi. Alikaa chini mlangoni akacheka huku akijipiga paja kwa ule mwiko.

Emérite akaitazama njia waliyojia. Salvator alimwonea huruma, akajua sasa ataona aibu, akafikiri namna ya kumwondoa hapo.

"Wote wale walikuwa wananishukuru?" Emérite akauliza.

"Wote," Cele akasema.

Akamgeukia mumewe, kidevu juu. "Umesikia, Salva? Barabara nzima imenishukuru. Utamwambia Clémence."

Mke wa Cele hakukubali waondoke. Akasema watu waliokuja harusini lazima wale. Akatoa kuku na mkate wa kupika kwa mvuke, Emérite akatoa dagaa na chapati. Cele alionja dagaa mmoja, akamwangalia machoni, akamla. Akaomba wa pili. Wakaulizwa wao walioana wapi, na Emérite akasimulia kwa maneno ya saluni na mikono: kambini, Tanzania, wakatembea kwa miguu kutoka hema la kanisa mpaka hema lao, na msafara wao wote ulikuwa baiskeli moja, tena imepasuka tairi, inasukumwa na msimamizi. Wala hakusimulia kwa huzuni. Aliigiza baiskeli ilivyokuwa ikilia.

Mke wa Cele akaingia chumbani. Akatoka na kofia yake mwenyewe ya wanawake wa Kizulu walioolewa, ile nyekundu, pana kama sinia, akakiondoa kile kitambaa cha chumvi na kumvika Emérite kofia.

"Mama," akasema, "leo bibi harusi hapa ni wewe, hakuna mwingine."

Ilikuwa wakati huo, wote wako ndani wanapiga makofi, iliposikika sauti uani. Ko. Ko ko.

Walitoka. Juu ya boneti ya gari jekundu, palipokuwa bado pana joto la injini, alisimama mbuzi wa kahawia. Alikuwa ametulia, anatazama upande wa bahari kama mwenye gari. Cele akampigia kelele. Mbuzi wa kawaida angeruka. Huyu hakuruka. Aliteleza, miguu yote minne imekaza, polepole, kutoka kwenye kioo mpaka kwenye taa.

Mistari minne. Rangi imechubuka mpaka bati.

Hakuna aliyecheka tena. Cele aliona nyuso zao, akaomba radhi kama aliyepanda boneti ni yeye. Akasema wamchukue mbuzi, ni wao sasa, halali yao. Akamkamata, akamleta mpaka mlango wa nyuma wa gari, na mbuzi akatia kichwa ndani kuangalia kiti. Salvator, ambaye huwa hakatai kitu cha bure, alifikiria safari ya kurudi: mkewe kulia kwake, mbuzi nyuma yake. Akashukuru, akakataa.

Basi Cele akasema angalau wasiondoke kama watu waliofukuzwa. Akaingia pikapu, mkewe pembeni yake, akawasha indiketa zote mbili. Emérite akawasha zake. Wakashuka ile njia ya vumbi, wakaingia barabara kuu, honi juu ya honi, msafara wa magari mawili. Na magari yaliyokuja mbele yao, yakiona taa, yakiona mama mwenye kofia nyekundu kwenye usukani, sasa yaliamini kweli ni harusi. Watu walitoa mikono madirishani. Lori moja la miwa lilipiga honi mpaka likaishia konani. Emérite alipiga vigelegele vilivyomkausha koo. Na Salvator alijikuta mikono yote miwili iko nje, anapunga kushoto kama kiongozi wa nchi, hakuna uliobaki kushika mlango.

Kule mbele Cele alisimama waagane, kisha akakata kona akarudi kwake. Mkewe alikataa kurudishiwa kofia.

Emérite akaendesha kidogo, kisha akasimama pembeni, akazima gari. Bahari ilikuwa pale chini inavunjika peke yake. Aliitazama boneti kupitia kioo.

"Clémence atachukua funguo," akasema.

Salvator alimwona anapangusa usukani kwa ncha ya kitenge, taratibu, huku na huku, kama mtu anayemfuta mtoto uso. Hajamwona akifanya hivyo hata na sufuria.

Halafu Emérite akanyoosha mkono nyuma akavuta mkoba wa saluni.

Kwenye kituo cha mafuta cha kwanza aliegesha kivulini, akapanga chupa zake za rangi ya kucha juu ya boneti, akazijaribu mojamoja kwenye ukucha wa Salvator mpaka akapata nyekundu iliyofanana. Akaketi juu ya kreti ya soda, akaanza. Alipaka mistari ile kwa brashi ndogo kama anavyopaka vidole vya wateja, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Akapaka mara ya kwanza. Akapuliza. Akapaka mara ya pili. Akamwamuru Salvator naye apulize. Mtu wa kujaza mafuta alikuja akasimama, akaangalia wazee wawili wameinama wanapuliza gari, mmoja kavaa kofia ya harusi, mwingine ana kucha za rangi tano. Akauliza kama gari linakwenda harusini.

"Ndiko linakotoka," Emérite akasema.

Kivulini rangi ilikubali kabisa. Salvator mwenyewe hakuona tofauti.

Waliimba njiani, lakini nyimbo fupi. Tangu Van Reenen mpaka Midrand, nchi ile tambarare isiyoisha, Salvator alikuwa akifikiri. Emérite alimuuliza anafikiri nini. Akasema maharage.

Clémence aliwangoja getini, simu mkononi. Jua la Midrand lilikuwa kali, halina kivuli hata cha mti. Na kwenye jua lile nyekundu ya kucha haikuwa nyekundu. Ilikuwa waridi. Mistari minne ya waridi, inameta, kutoka kwenye kioo mpaka kwenye taa.

Clémence akazunguka gari. Akalinganisha na picha. Akainama, akakwaruza kidogo kwa ukucha, akanusa.

"Mama," akasema, na alisema kwa Kiswahili, "hii ni rangi ya kucha."

Emérite akaikagua mistari kama anaiona mara ya kwanza. Mlinzi wa geti alitoka kibandani akaja kuangalia.

"Tulikubaliana," Clémence akasema. Akanyoosha mkono. "Funguo."

Emérite akaingiza mkono mkobani, akaanza kutafuta. Alitafuta polepole mno kwa mtu anayejua funguo ziko wapi. Kofia ya mke wa Cele ilimwinamia usoni.

Hapo Salvator akakohoa.

"Siye yeye," akasema. "Niliyekuwa naendesha ni mimi."

Clémence akamgeukia baba yake. Huyu ni mtu ambaye hata baiskeli ilimshinda. Ni mtu anayeshuka kwenye gari lililosimama kwa kushikilia paa. Alisimama pale na kucha zake za rangi tano, anatazama mbele kama yuko gwaride.

"Wewe, Papa. Ulikuwa unaendesha wewe."

"Mimi."

"Pedali ya katikati ni ya nini?"

Salvator alifikiri. Alikuwa amekaa pembeni ya zile pedali mwendo wote ule, lakini macho yake yalikuwa kwenye kidevu.

"Ya katikati," akasema, "ni ya kwendea."

Mlinzi wa geti alirudi kibandani kwake upesi, akafunga mlango, na kibanda kikasikika kinatikisika. Clémence alijitahidi. Aliuma midomo, akaangalia juu, akaangalia kucha za baba yake, na huo ndio ukawa mwisho wake. Aliegemea boneti akacheka mpaka machozi yakamtoka, kiganja chake juu ya ile mistari ya waridi.

Emérite alimwangalia mumewe. Kisha mkono ukatoka mkobani na funguo, vidole vikafunga juu yake, akainua ile kofia kutoka machoni, akamwambia binti yake:

"Umemsikia baba yako kwa masikio yako. Funguo mnyime yeye, asiliguse gari hili tena maisha yake. Mimi kesho asubuhi nina wateja wawili wa kusuka, na foleni ya kwenda Kensington unaijua mwenyewe."